Kipimo Kisichobembelezeka

Chuma cha kilo 100 kikiinuliwa kutoka sakafuni hadi mapajani, kisha kikarudishwa pale pale kilipokuwa, fizikia inasema jumla ya kazi iliyofanyika juu ya chuma hicho ni sifuri. Hakuna gunia lililohama, hakuna tofali lililopanda ukutani, hakuna maji yaliyofika jikoni. Aliyekiinua anatweta, jasho linamchuruzika, na dunia iko vile vile. Kesho atarudi kufanya sifuri nyingine, na wiki ijayo ataomba iongezwe kilo mbili na nusu.

Mchukulie binti wa miaka 17, mwanafunzi wa kidato cha tano jijini Dar es Salaam, anayejiandaa kwa mashindano ya pawalifti akiwa uani kwao. Mchezo wenyewe una mambo matatu tu. Kwanza skwati: chuma kinakaa mabegani, mchezaji anachuchumaa nacho, kisha anasimama. Pili benchi: analala chali, anakishusha hadi kifuani, anakisukuma mpaka mikono inyooke. Tatu dedilifti: anakikuta chuma chini, anakishika, anasimama nacho wima. Kwa kila jambo ana nafasi tatu. Uzito mkubwa aliofaulu katika kila moja unajumlishwa, na mwenye jumla kubwa katika kundi lake la uzito wa mwili ndiye mshindi. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, IPF, lilianzishwa mwaka 1972 na linapokea vijana kuanzia miaka 14. Olimpiki haijawahi kuukaribisha.

Uani hakuna ukumbi. Kuna bomba la chuma, makopo ya rangi yaliyojazwa zege, benchi iliyochomelewa na fundi mageti, na nguzo mbili za kuegeshea chuma. Jirani akichungulia juu ya ukuta huuliza, "Hivi huyu mtoto anapata nini?" Ni swali la mtaani, lakini limebeba jambo zito: kitendo kisichoacha kitu nyuma yake kinapata wapi maana?

Majibu ya haraka yapo, na kila moja lina ukweli kidogo. Wa kwanza atasema afya. Lakini afya haimdai mtu ajitwishe uzito unaozidi mwili wake. Kutembea kwa kasi na kuinua vitu vya kiasi kunatosha. Wa pili atasema umbo. Lakini waamuzi wa pawalifti hawana alama za umbo, na mwenye misuli iliyochongeka akishindwa kusimama na chuma, ameshindwa. Wa tatu atasema medali. Medali ni za wachache, na kama maana yote imo ndani yake, basi karibu kila aliyemo ukumbini amepoteza miaka yake bure, na hata aliyeshinda amefanya jambo lenye maana kwa siku moja tu kati ya mamia.

Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake The Grasshopper cha mwaka 1978, alitoa jibu lenye kina zaidi. Kucheza mchezo, alieleza, ni kujitakia kikwazo ambacho hakikuwa lazima. Kama shida ni chuma kupanda juu, fundi gari ana jeki. Mnyanyuaji anaikataa jeki kwa sababu kuwa juu kwa chuma sicho anachokitaka. Anataka kukifikisha juu kwa njia ngumu iliyokubaliwa. Maelezo haya yanatuonyesha kwa nini huu ni mchezo na si wazimu. Yanatupa neno la kwanza tunalolihitaji, nalo ni hiari. Ila hiari peke yake haitoshi. Mtu anaweza kwa hiari yake kuamua kuhesabu mchanga wa ufukweni. Tutamwacha aendelee, lakini hatutamwonea wivu.

Kabla ya kutafuta kinachopungua, twende Kariakoo alfajiri, magari yanaposhusha viazi na mahindi. Wapo pale vijana wanaomzidi binti yetu miaka michache tu, wanaopakiwa magunia mgongoni na kuyapeleka stoo kwa hatua fupi fupi. Sheria ya vipimo ya Tanzania inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo umepigana miaka nenda rudi na lumbesa, lile gunia linaloshindiliwa na kuongezwa juu mpaka linaota kichwa. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 liliweka kilo 55 kuwa ukomo wa mzigo wa kubebwa na mwanamume mmoja mtu mzima. Gunia halali, lisilo na lumbesa hata kidogo, linakaribia mara mbili ya kiasi hicho.

Hapa mwandishi yeyote anayetaka kusifu utukufu wa vyuma anapaswa kuona haya kidogo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ni rahisi kutafuta maana ya uzito ukiwa umekaa kitini. Kuli ana nguvu, na ana ufundi: anajua bega lipi, anajua kuvuta pumzi kabla ya kunyanyuka, anajua mahali pa kukanyaga sakafu ikiwa na maji. Huenda ana fahari pia. Anachokosa ni uwezo wa kuutua. Binti akiona leo mgongo haujakaa sawa, anaweka chuma chini na jioni ugali upo. Kuli akiutua mzigo kabla ya stoo, ugali haupo. Uzito wake umepangwa na mwenye mali, na hakuna anayemwuliza kama yuko tayari kwa kilo 100 au 130.

Na hata nyumbani wapo wanaobeba bila kuulizwa. Maji yakikatika, mama wa binti huyu hahitaji kwenda Kariakoo kujua habari za mizigo.

"Hicho chuma chenu cha mashindano, kikiwa kitupu, kina kilo ngapi?"

"Ishirini, mama."

"Na ndoo kubwa ya maji?"

Binti anaanza kucheka, kwa sababu lita 20 za maji ni kilo 20, na ndoo tatu zinasubiri bombani. Mama hakusoma falsafa ya michezo, lakini amegusa pale pale panapouma: mwanangu, uzito unaoutafuta umo humu ndani siku zote, na mimi naubeba bila kupigiwa makofi. Jibu la heshima ni kwenda bombani kwanza. Hata hivyo, ndoo zikishafika jikoni, swali linabaki. Kwa nini binti akimaliza ndoo anahisi amemaliza kazi, na akimaliza skwati anahisi amejifunza jambo kuhusu nafsi yake?

Nadhani jibu limo kwenye makopo ya zege.

Kopo la rangi la lita nne likijazwa zege lina uzito wa karibu kilo tisa na nusu. Ni karibu tu, kwa sababu kokoto zikizidi au mchanga ukizidi, makopo mawili yaliyojazwa siku moja hayalingani. Zege likikauka, baadhi ya maji hutoka, na uzito hupungua pamoja nayo. Bomba lenyewe lilinunuliwa kwa futi, si kwa kilo. Binti anaweza kuchukua chaki akaandika "10" kwenye kila kopo, na hakuna mtu mtaani atakayembishia. Kwa jumla ya kujiandikia angekuwa bingwa ndani ya mwezi mmoja. Badala yake anayabeba makopo hadi duka la nafaka, anamwomba mwenye duka mizani, na anarudi na tarakimu zenye aibu kidogo: 9.2, 9.7, 8.9. Anaziandika hivyo hivyo.

Katika mashindano ya IPF, kisahani cha chuma hakiruhusiwi kupishana na uzito ulioandikwa juu yake zaidi ya gramu 10 au robo ya asilimia moja. Na kilo yenyewe si mali ya mtu. Tangu mwaka 1889 ilikuwa silinda ya madini iliyotunzwa Sèvres, karibu na Paris. Tangu tarehe 20 Mei 2019 imefungwa kwenye tarakimu ya maumbile yenyewe, namba thabiti ya Planck, ambayo hakuna serikali wala tajiri anayeweza kuisogeza. Kilo ya uani ni ile ile ya ukumbini. Binti anapokataa kuandika "10" juu ya kopo la kilo 8.9, anakubali kuingia kwenye kipimo ambacho hakukitunga yeye na ambacho hawezi kukibembeleza.

Kilo bado ni sehemu nyepesi. Penye mtihani hasa ni kina cha skwati. Kanuni inataka sehemu ya juu ya paja, pale kwenye kiungo cha nyonga, ishuke chini ya sehemu ya juu ya goti. Ni sentimita chache za mwisho, na ndizo ngumu kuliko zote zilizotangulia. Ukiishia juu yake kidogo, unaweza kujiongezea kilo nyingi na mtazamaji asiyejua akapiga vigelegele. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini uani hakuna anayeangalia kama kweli umefika mvunguni au umeishia usawa wa kitanda. Kwa hiyo binti anaegesha simu kwenye ndoo, pembeni, kwa urefu wa goti, anajirekodi, kisha anatazama. Mara nyingine anaona paja halikufika. Hakuna aliyejua. Anachukua daftari na kukata mstari juu ya namba aliyokwisha kuiandika kwa furaha.

Kukata mstari huo ndicho kitendo kikubwa kuliko vyote vya siku hiyo, kuliko hata kunyanyua. Epictetus, mwanafalsafa aliyezaliwa mtumwa, aliwahi kuwasuta wanafunzi wake waliojivunia vitabu walivyosoma kwa mfano wa mwanamichezo: ukimwambia akuonyeshe mabega naye akakuonyesha vyuma anavyofanyia mazoezi, utamwambia vyuma akae navyo, wewe unataka kuona vimemfanya nini. Tukimwuliza binti wetu vyuma vimemfanya nini, mabega yatakuwa jibu la pili. La kwanza litakuwa daftari lisilo na uongo, lililoandikwa na mtu ambaye angeweza kudanganya kila jioni.

Sasa vipande viwili vinaweza kukutana. Hiari bila kipimo ni kuhesabu mchanga: unaweza kuacha, unaweza kuongeza, unaweza kubadili kanuni katikati, na hakuna kinachokukatalia. Kipimo bila hiari ni gunia la Kariakoo: linakulemea kweli kweli, halina huruma, lakini hukulichagua. Kijana wa miaka 17 anaishi zaidi katika upande huu wa pili kuliko tunavyokiri. Shule inampima kwa divisheni, majirani wanampima kwa mwenendo, simu inampima kwa idadi ya waliompenda. Binti anapimwa zaidi, kwa kuwa watamwambia vyuma vitamfanya dume na kumwuliza ataolewa na nani. Vipimo vyote hivyo vilimkuta. Chuma amekiendea mwenyewe, na alipokifikia hakikumlegezea masharti. Maana, ninavyoiona, huzaliwa hapo ambapo mtu kwa hiari yake anajiweka chini ya kipimo asichoweza kukipinda.

Mshairi wetu wa jadi anaijua hali hii. Hakuna aliyemlazimisha kuandika tarbia yenye mizani kumi na sita katika kila mshororo. Lakini akishachagua, silabi ya kumi na saba haimwonei haya kwa kuwa ni yeye. Atahangaika usiku kucha kutafuta neno fupi zaidi, na hangaiko hilo ndilo linalomfanya aseme jambo ambalo angeandika ovyo asingelifikia.

Kama ni hivyo, mashindano ni ya nini? Daftari si linatosha?

Tarehe 2 Mei 2020, kumbi zikiwa zimefungwa kwa sababu ya korona, Hafþór Björnsson wa Iceland aliinua kilo 501 kutoka sakafuni akiwa kwenye jimu yake mwenyewe. Haikuwa pawalifti bali mchezo jirani, ule wa majabali wa nguvu, unaoruhusu hata mikanda ya kufungia mikono kwenye chuma. Mwamuzi alikuwepo na watu walitazama moja kwa moja mtandaoni. Rekodi ya awali, kilo 500, ilikuwa ya Mwingereza Eddie Hall, aliyeiweka mbele ya umati mjini Leeds mwaka 2016, naye alipinga, akisema rekodi ni ya kuwekwa mashindanoni. Ubishi huo haukuhusu kilo, maana chuma kilipanda na kila mtu alikiona. Ulihusu masharti: nani alichagua siku, saa na chumba.

Nyumbani, hata aliye mkweli kabisa ana upendeleo asiouona. Anaanza akiwa tayari. Akichoka anapumzika kidogo zaidi, siku mbaya anaiahirisha. Mashindanoni jina likiitwa una dakika moja ya kuanza. Kwenye benchi chuma lazima kitulie kifuani mpaka amri itoke, na sekunde hiyo si yako. Waamuzi ni watatu, mmoja mbele na wawili pembeni, na kila mmoja anawasha taa nyeupe au nyekundu kwa alichokiona yeye. Nyeupe mbili zinatosha. Kanuni hiyo ina unyenyekevu ndani yake: inakiri kwamba jicho moja, hata la mtaalamu, laweza kukosea, na kwamba watu waaminifu wanaweza kutofautiana juu ya kitendo kilekile. Simu iliyoegeshwa kwenye ndoo ni jicho la nne lililozoea kumpenda mwenye nayo. Maana ilishapatikana uani. Ukumbini binti anakwenda kukagua kama kipimo alichokuwa akikitumia peke yake ni kile kile cha wenzake.

Upweke una ukomo hata kabla ya siku hiyo. Kwenye benchi, chuma kikikwama kifuani na hakuna mtu karibu, kinaweza kuua, na watu wamewahi kufa hivyo majumbani. Kwa hiyo mdogo wake husimama kichwani pake, mikono tayari, akiambiwa asiguse mpaka aitwe. Kipimo kisichobembelezeka hakina huruma ya kukutambua wewe ni mtoto wa nani, na mwenye busara hawi peke yake chini yake.

Iko hatari nyingine inayokuja polepole: namba kugeuka kuwa jina. Kijana akianza kujiona yeye ni kilo 240 za jumla, basi siku akiinua 225 atahisi amepungua utu. Aristotle alipotaka kueleza kiasi kinachofaa alimtaja Milo, mwanamieleka mashuhuri wa Ugiriki ya kale: chakula kilicho kidogo mno kwa Milo ni kingi mno kwa anayeanza mazoezi leo. Kipimo ni kimoja kwa wote, lakini hatua ya mtu juu yake ni yake. Nguvu inayoongezeka katika wiki za mwanzo hutokana zaidi na neva zinazojifunza kuita misuli iliyokuwepo tayari, na misuli yenyewe hujijenga wakati wa mapumziko na usingizi. Dhana ya zamani kwamba vyuma vinadumaza watoto haikuthibitika. Madaktari wa watoto wa Marekani wanaunga mkono mazoezi haya kwa vijana wanaosimamiwa na kufundishwa namna sahihi. Wanachokihofia ni haraka.

Basi tuseme siku imefika, na binti anakosa skwati zote tatu. Kanuni iko wazi: hana jumla, ametoka kwenye ushindani wa jumla, hata kama dedilifti yake ingekuwa bora kuliko ya wote. Jioni zote za uani hazina namba ya jumla kwenye karatasi ya matokeo. Je, maana imeondoka pamoja na taa nyekundu? Kama ilikuwa kwenye medali, imeondoka. Kama ilikuwa kwenye kujiweka chini ya kipimo cha kweli, basi taa hizo ni sehemu yake, kwa kuwa kipimo kisichoweza kukukataa hakiwezi pia kukukubali. Jumla ya daftari la kujidanganya haijawahi kumkataa mtu, na ndiyo sababu haijawahi kumfurahisha mtu kwa muda mrefu.

Ila hoja hii ikikubaliwa, ina deni. Kama maana inahitaji pande mbili, hiari na kipimo, basi anayempakia kuli lumbesa hamwibii nguvu za mwili tu. Kwa kilo za ziada anazozishindilia, anakula saa na pumzi ambazo zingebaki jioni kwa ajili ya jambo ambalo kuli mwenyewe angelichagua, liwe mpira, ushairi, au hicho hicho chuma. Falsafa haiwezi kumrudishia hiari hiyo. Gunia lililopimwa kwa haki, mkokoteni, na ujira unaomruhusu kukataa mzigo wa tatu vinaweza. Na anayejua kwa mabega yake mwenyewe kilo 100 ni nini, aliyezipima kwa mizani ya kweli na kuzikubali kwa ridhaa yake, hana kisingizio cha kuuita mzigo wa mwenzake usufi.